UZI: Dawa anayomeza ami yangu aliyepandikizwa figo inakatiza ujumbe gani ndani ya seli za kinga?

Mtongwe Kwetu ameandika:

Assalaam aleikum wanajamvi. Ami yangu alipandikizwa figo, na tangu aruhusiwe kurudi nyumbani humeza takrolimusi saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, pamoja na prednisoloni na dawa nyingine ya tatu. Daktari alimweleza kwamba takrolimusi huzuia ujumbe usifike ndani ya seli nyeupe za damu, akaishia hapo, kwa kuwa foleni ilikuwa ndefu. Ami alikuwa fundi wa mitambo bandarini na hapendi kumeza kitu asichojua kinavyofanya kazi, basi amenituma niulize.

Mimi biolojia yangu ni ya kidato cha nne. Najua seli nyeupe hupambana na maradhi. Nisichokijua ni mambo ya ndani. Ujumbe huo hutumwa na nani, hubebwa na nini, hupelekwa wapi, na dawa huukatizia wapi? Nilijaribu kumweleza kwamba ni kama mbio za kupokezana vijiti, protini moja ikimpa mwenziwe, akaniuliza kijiti chenyewe ni nini, nikakosa jibu.

Maabara Tudor ameandika:

Waaleikum salaam ndugu yangu, na mfikishie ami salamu. Amekubana mahali penyewe hasa. Katika mbio kijiti ni kile kile tangu mwanzo hadi mwisho, ilhali ndani ya seli hakuna kitu kimoja kinachosafiri njia nzima. Protini ya kwanza hubadilishwa umbo, na kwa umbo hilo jipya hupata uwezo wa kuibadilisha ya pili, nayo ya pili huibadilisha ya tatu. Ujumbe ni hayo mabadiliko yenyewe. Tena, kwa kuwa protini moja iliyoamshwa yaweza kuziamsha nyingine kadhaa kabla haijazimwa, ujumbe huzidi nguvu kadiri unavyoingia ndani, jambo ambalo kijiti hakiliwezi.

Mabadiliko yanayotumika zaidi ni kubandikwa fosfeti. Vimeng'enya viitwavyo kinasi huchukua fosfeti kutoka kwenye ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, na kuibandika juu ya protini nyingine, mahali penye asidi amino ya serini, threonini au tairosini. Vimeng'enya viitwavyo fosfatasi huibandua. Edmond Fischer na Edwin Krebs waligundua utaratibu huu katika miaka ya 1950 walipokuwa wakichunguza jinsi misuli inavyotumia sukari yake ya akiba, mbali kabisa na habari za kinga, wakaja kutunukiwa Nobel mwaka 1992. Ulishike hili la kubandika na kubandua, kwa sababu dawa ya ami inazuia kubandua, na wengi hudhania kinyume chake.

Sasa tuingie ndani ya seli T, aina ya seli nyeupe ambayo ndiyo inayohusika zaidi na kukataliwa kwa figo. Anayetuma ujumbe ni figo yenyewe, pasipo kukusudia. Seli zake zimebeba juu ya utando protini za HLA, yaani alama za utambulisho, za mtu aliyeitoa, na hizo zinatofautiana na za ami. Seli T inayopita huzipapasa kwa kipokezi chake, na kipokezi kikinasa, kazi huanza. Hata hivyo kipokezi hicho kina mkia mfupi mno upande wa ndani, kiasi kwamba peke yake hakiwezi kuamsha chochote. Ndiyo maana kimeambatana na protini za CD3 na zeta, ambazo mikia yake ni mirefu na kwa jumla ina sehemu maalumu 10, kila sehemu ikiwa na tairosini 2. Kinasi iitwayo Lck, inayokaa chini ya utando ikiwa imeshikana na protini nyingine za utando, CD4 au CD8, hubandika fosfeti kwenye tairosini hizo.

Hapo ndipo kinasi nyingine, ZAP-70, iliyokuwa ikielea bila kazi, inapopata pa kutua. Ina vishimo viwili vinavyotoshea tairosini mbili zenye fosfeti zilizo katika sehemu moja, na isipozipata zote mbili haishiki imara. Ikitua huamshwa, kisha hubandika fosfeti kwenye protini iitwayo LAT, ambayo yenyewe si kimeng'enya. Kazi yake ni kuzikusanya nyingine mahali pamoja ili zifikiane. Miongoni mwa zinazokusanyika pale ni fosfolipasi C-gama, ambayo hukata mafuta fulani ya utando vipande viwili. Kipande kimoja, DAG, hubaki kwenye utando na kuanzisha njia nyingine mbili ambazo sitazifuata leo. Kipande cha pili, IP3, huchopoka na kwenda kufungua ghala la kalsiamu lililo ndani ya seli, kwenye retikulamu ya endoplazimu.

Napenda sana hatua inayofuata. Kalsiamu iliyo ghalani ni kidogo, haitoshi kwa kazi ya saa nyingi. Ghala likipungua, protini iitwayo STIM1 iliyo ukutani mwake huhisi upungufu huo, husogea hadi karibu na utando wa nje, na huko huigusa protini ORAI1, ambayo ni mlango wa kalsiamu. Mlango hufunguka. Nje ya seli kalsiamu ni nyingi kuliko ndani kwa takriban mara 10,000, basi haihitaji kusukumwa, huingia yenyewe. Kutoka kipokezi kunasa hadi tairosini kupata fosfeti ni sekunde chache, na kalsiamu hupanda katika muda wa dakika moja hivi. Kwenye hadubini, seli zikitiwa rangi inayong'aa penye kalsiamu, utaziona zinawaka moja moja, kila moja kwa wakati wake.

Kalsiamu hiyo hushikwa na protini iitwayo kalmodulini, kalmodulini huamsha fosfatasi iitwayo kalsinyurini, na kalsinyurini hubandua fosfeti kutoka kwenye protini NFAT. NFAT ikiwa na fosfeti zake hubaki nje ya kiini cha seli. Zikibanduliwa, sehemu yake inayoiruhusu kuingia kiinini hufunuliwa, ikaingia, ikakaa juu ya DNA na, kwa kushirikiana na protini za zile njia nyingine mbili, ikawasha jeni ya interlukini-2. Interlukini-2 ndiyo inayozihimiza seli T zigawanyike. Siku chache baadaye, seli moja iliyoikataa figo imekuwa jeshi.

Mtongwe Kwetu ameandika:

Shukran Maalim. Nimemsomea ami hadi mwisho, akanisimamisha kwenye ile ORAI1 mara mbili. Anauliza mmejuaje kwamba mlango huo ndio wenyewe, na kwamba seli haina njia nyingine ya kujipatia kalsiamu.

Maabara Tudor ameandika:

Mwambie wako watoto waliozaliwa na jeni mbovu ya ORAI1. Mwaka 2006 watafiti walieleza familia ambamo watoto walikuwa na seli T za kutosha ukizihesabu, lakini seli hizo hazikuitikia chochote, na watoto wakawa wanashambuliwa na maradhi tangu utotoni. Kalsiamu haikuingia. Kosa lilikuwa la asidi amino moja tu katika protini ile. Kabla yake, mwaka 1994, walikwisha kuelezwa watoto waliokosa ZAP-70, nao vilevile seli zao zilinasa na zisifanye kitu. Kwa maoni yangu, watoto hao wametufundisha mpangilio wa njia hii kuliko majaribio mengi ya maabara, kwa kuwa katika maabara unaweza kuizima protini na usijue kama mwili mzima ungejali.

Bahari Shwari ameandika:

Samahani kuingilia, nami nina shaka. Ikiwa kila hatua inaongeza nguvu, na seli T huamshwa na vipande vichache tu vya antijeni, yaani kile kipokezi chake hukinasa, kwa nini sisi sote hatuugui kwa seli zetu kupiga kelele bure? Mwili umejaa protini zinazofanana. Maelezo ya Maalim yanaeleza kuwasha, sijaona kuzima.

Maabara Tudor ameandika:

Shaka yako ni ya haki, Bahari. Ni kweli seli T yaweza kuitikia vipande takriban 10 tu. Kinachoilinda kwanza ni muda. Antijeni isiyolingana vyema na kipokezi huachia upesi, na fosfatasi hubandua kila kilichobandikwa kabla ZAP-70 haijatua na kuamshwa, hivyo ujumbe hufia hatua ya pili au ya tatu. Inayolingana hukaa sekunde kadhaa zaidi, na tofauti hiyo ndogo ndiyo yote. Wingi wa hatua, ambao kwa mtazamo wa haraka ni urefu usio na maana, ndio unaoipa seli nafasi ya kuhakikisha.

Pili, kipokezi peke yake hakitoshi. Seli T inataka pia protini yake nyingine, CD28, iguswe na seli inayoonyesha antijeni, na seli hizo huweka kiguso hicho juu ya utando hasa zinapohisi kuna hatari. Seli T ikipata ujumbe wa kipokezi bila wa CD28, mara nyingi hulala usingizi wa muda mrefu badala ya kushambulia.

Tatu, zipo breki zilizotengenezwa kwa ajili hiyo. Ikishaamshwa, seli T hujitolea yenyewe protini mbili: CTLA-4, ambayo hunyang'anya kiguso cha CD28, na PD-1, ambayo ikiguswa huita fosfatasi iitwayo SHP-2 ije ibandue fosfeti palepale penye kipokezi na CD28. Saratani nyingi hujificha kwa kuikanyaga breki hiyo ya PD-1, na utafiti uliozaa dawa za kufungua breki hizi ndio uliowapa James Allison, kwa CTLA-4, na Tasuku Honjo, kwa PD-1, Nobel ya mwaka 2018. Mgonjwa wa figo iliyopandikizwa akipewa dawa hizo kwa ajili ya saratani, figo yake huingia hatarini, kwa sababu breki inayofunguliwa ni ile ile.

Mfamasia wa Bamburi ameandika:

Nimewasoma tangu jana na naona Maalim ametuachia kalsinyurini mlangoni pa dawa. Naomba niichukue.

Takrolimusi ilipatikana mwaka 1984 nchini Japani, kutoka kwa bakteria wa udongo wa Tsukuba, wale wa jamii ya *Streptomyces*. Siklosporini, iliyoitangulia, ilitokana na kuvu wa udongo uliochotwa Norwe. Dawa hizo mbili hazifanani hata kidogo kwa umbo, na kwa miaka kadhaa watu walizitumia kuokoa figo na maini bila kujua zinafanyia kazi wapi. Mwaka 1991 Stuart Schreiber na wenzake walionyesha kwamba zote mbili huishia kuizuia kalsinyurini.

Ajabu yake ni hii: takrolimusi peke yake haiizuii kalsinyurini. Inapoingia ndani ya seli hushikana kwanza na protini ndogo ya mwili wenyewe iitwayo FKBP12, na ni hao wawili wakiwa wameshikana ndio wanaokwenda kukaa juu ya kalsinyurini na kuiziba NFAT isiifikie. Kwa hiyo, ndugu Mtongwe, katika seli ya ami kipokezi kinanasa kama kawaida, Lck na ZAP-70 zinafanya kazi, hata kalsiamu inaingia. NFAT haibanduliwi fosfeti, inabaki nje ya kiini, na interlukini-2 haitengenezwi ya kutosha. Iko dawa nyingine, sirolimusi, iliyotoka kwenye udongo wa kisiwa cha Rapa Nui, ambayo hushikana na FKBP12 ile ile, lakini wawili hao huenda kukaa juu ya protini tofauti kabisa, mTOR, wakazuia hatua ya baadaye, yaani seli kuuitikia mwito wa interlukini-2 na kugawanyika.

Na mwambie aepuke balungi na maji yake. Utumbo una kimeng'enya CYP3A4 kinachoivunja takrolimusi kabla haijaingia kwenye damu; balungi hukizima, na dawa ikapanda kupita kiasi. Baadhi ya dawa za kuvu na klarithromisini hufanya vivyo hivyo. Rifampisini ya kifua kikuu hufanya kinyume, huishusha dawa sana. Yeyote anayemwandikia dawa mpya aambiwe kwanza kuhusu takrolimusi.

Mlezi Changamwe ameandika:

Mimi ni mlezi tu, si mtaalamu, mama yangu naye amepandikizwa. Nikiwasoma naelewa kwamba seli T zake zimezibwa masikio. Je, hiyo ina maana hana kinga kabisa? Maana mwezi uliopita alipata homa, na kama kinga imezimwa, homa ilitoka wapi?

Maabara Tudor ameandika:

Hana kinga kamili, dada, lakini hakukosa kinga. Kipimo cha dawa huwekwa ili kalsinyurini ipungue nguvu, si kwisha. Pia homa ina njia yake.

Makrofaji, ambazo ni seli nyeupe zinazomeza vijidudu, hazingoji seli T. Zina vipokezi vya Toll vinavyotambua vitu ambavyo bakteria wanavyo na sisi hatuna. Jules Hoffmann na wenzake walionyesha mwaka 1996 kwamba nzi wadogo wa matunda hujikinga na kuvu kwa kipokezi cha Toll. Mwaka 1998 Bruce Beutler akaonyesha kwamba kwa panya kipokezi cha TLR4 ndicho kinachohisi sumu iliyo kwenye ganda la baadhi ya bakteria. Wote wawili walipata Nobel ya 2011. TLR4 ikiguswa huita protini MyD88, MyD88 huzikusanya kinasi za IRAK, ujumbe ukafika kwa protini TRAF6, kisha kwa kinasi iitwayo IKK. Utaona hapa hakuna ZAP-70 wala kalsinyurini. Majina ni mengine, mtindo ni ule ule.

Mwishoni mwa njia hiyo yuko NF-κB, protini inayowasha jeni, aliyegunduliwa na Ranjan Sen na David Baltimore mwaka 1986. Seli iliyotulia humfunga nje ya kiini kwa protini IκB. IKK huibandika IκB fosfeti, na fosfeti hiyo ni hukumu ya kifo, kwani seli huivunjavunja IκB yote. NF-κB akiachiliwa huingia kiinini na kuwasha jeni za interlukini-1, interlukini-6 na TNF, protini za kupeleka habari ambazo huuambia ubongo upandishe joto la mwili. Bahari alitaka kuona kuzima: miongoni mwa jeni ambazo NF-κB huziwasha imo ya IκB yenyewe, kwa hiyo humtengeneza mfungaji wake mwenyewe na baada ya saa moja hivi hurudishwa kifungoni, isipokuwa ujumbe unaendelea kuja.

Lakini, dada yangu, prednisoloni anayomeza mama hudhoofisha kazi ya NF-κB kiinini. Ndiyo sababu kwa wagonjwa hawa homa inaweza kuwa ndogo kuliko ugonjwa. Kwetu hapa pwani, ambako kila homa huitwa malaria na watu hungoja hadi kesho, mtu aliyepandikizwa asingoje. Apimwe malaria na mengineyo siku hiyo hiyo, hata joto likiwa si kali.

Mtongwe Kwetu ameandika:

Ami ana maswali mawili ya mwisho, na ni yake kwa maneno yake. La kwanza: mikono yake inatetemeka, hasa asubuhi, akishika kikombe cha kahawa kinagongagonga sahani, na anasema haikuwa hivyo kabla ya upasuaji. Je, ni ujumbe huo huo? La pili: Ramadhani inakuja. Kuanzia alfajiri hadi magharibi hapa Mombasa ni zaidi ya saa 13. Anaweza kumeza futari na daku?

Mfamasia wa Bamburi ameandika:

Kutetemeka ni jambo linalojulikana kwa takrolimusi, na mara nyingi huzidi saa chache baada ya kumeza, dawa inapokuwa juu kwenye damu. Sababu ni kwamba kalsinyurini haiko katika seli za kinga pekee. Ubongo una kalsinyurini nyingi sana, na ilianza kuchunguzwa humo. Kongosho nayo huihitaji ili kutoa insulini, ndiyo maana wagonjwa hupimwa sukari, na figo huhisi dawa hiyo hiyo inayoilinda. Huo ndio udhaifu wa kuziba protini inayotumika kila mahali. Asiache dawa kwa ajili ya kutetemeka. Alieleze jambo hilo kliniki, kwani huenda kipimo kikapunguzwa.

Kuhusu Ramadhani, nitaeleza sababu na uamuzi niuache kwa daktari wake. Kalsiamu ikiwa juu na dawa ipo, NFAT hubaki nje ya kiini. Takrolimusi ikishuka, kalsinyurini huwa huru, hubandua, na NFAT huingia katika muda wa dakika. Kinyume chake pia ni kweli: kalsinyurini ikizibwa, kinasi huirudishia fosfeti na NFAT hutolewa nje upesi. Seli haiweki kumbukumbu ya dozi ya jana. Ukigawanya siku kuwa saa 13 na ushei bila dawa na saa 10 na ushei kati ya futari na daku, lile pengo refu hufanya kiwango cha chini kishuke zaidi, na hujui kinashuka kwa ami kiasi gani mpaka apimwe damu. Ipo takrolimusi ya kutoka polepole inayomezwa mara moja kwa siku, lakini kubadilisha kutoka moja kwenda nyingine ni kazi ya daktari, kwa kupima tena na tena. Aende kuuliza mapema, si mwezi unapoandama. Na kama figo ni ya karibuni au haijatulia, nadhani jibu atakalopewa ni asifunge, na ruhusa hiyo ya mgonjwa anaijua kuliko mimi.

Mtongwe Kwetu ameandika:

Ameridhika, ila ameongeza la tatu, samahanini. Siku ya kliniki huambiwa asimeze dawa ya asubuhi mpaka atolewe damu. Akichelewa kwenye feri, dozi ya saa mbili huwa saa nne. Kwa maelezo yenu hayo, si hatari?

Mfamasia wa Bamburi ameandika:

Kinachopimwa ni kiwango cha chini kabisa, yaani dawa iliyobaki kwenye damu saa 12 baada ya dozi ya usiku, muda mfupi kabla ya dozi inayofuata. Akimeza kwanza, dawa itakuwa imepanda, kwani hufika kilele saa moja hadi tatu baada ya kumezwa, na daktari atadhani ana nyingi na kuipunguza. Kwa wagonjwa wengi wa figo hutakiwa iwe kati ya nanogramu 5 na 15 kwa mililita, miezi ya mwanzo ikiwekwa juu zaidi. Kuchelewa kwa saa moja au mbili siku moja ya kliniki si jambo la kumtisha, lakini nako huharibu kipimo, kwa sababu damu ya saa 14 itasomwa kana kwamba ni ya saa 12. Avuke mapema na abebe dozi yake mfukoni. Amwambie anayetoa damu saa aliyomeza dawa ya usiku, iandikwe kwenye fomu, na akishatolewa damu ameze papo hapo.